Miezi minne bila hedhi: homoni "zimevurugika" au mwili umeamua kusubiri?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 27, nimeolewa, na tunatafuta mtoto. Miezi minne sasa sijaona siku zangu. Kabla ya hapo zilikuja kila baada ya siku 29 au 30 bila kukosa. Katika kipindi hiki nilikuwa nasomea mitihani ya mwisho, usingizi ulikuwa haba, na nilianza kukimbia kila alfajiri ili nipunguze mwili. Nimepungua kilo 11. Nimepima mimba mara tatu, hakuna. Nimeambiwa homoni zimevurugika na nitumie dawa ya kuzisawazisha. Nisichoelewa ni hiki: homoni ni kitu gani hasa, na mitihani na kukimbia vinahusiana vipi na mji wangu wa mimba? Pia mume wangu ameanza kuchoma sindano za testosteroni kwa ajili ya mazoezi, anasema zitatusaidia kupata mtoto haraka. Ni kweli?

Jibu: Marahaba, binti yangu, na pole kwa wasiwasi wa miezi minne. La mume wako nitaliweka mwisho ingawa ndilo la haraka zaidi, kwa sababu ukishaelewa la kwako, la kwake utalijibu mwenyewe.

Nianze na hilo neno "zimevurugika". Wagonjwa wengi hunijia nalo, na kila mara hulazimika kulivua kwanza kabla ya kuendelea. Linamfanya mtu aone homoni kama vitu vilivyopangwa kabatini, mtoto akapita akavimwaga, sasa anatafutwa mtu wa kuvirudisha mahali pake. Kwa maelezo uliyonipa, sidhani kuna kilichomwagika. Naona mwili uliopokea taarifa kwamba hali si nzuri, ukasimamisha shughuli moja inayoweza kungoja. Kabla ya kudai hivyo kwa uhakika nataka vipimo, na nitavitaja. Lakini kwanza tuone hizo taarifa husafiri vipi.

Homoni ni kemikali ambayo seli za mahali fulani huimwaga ndani ya damu, damu ikaifikisha kila pembe ya mwili, ikaja kusikika tu na seli zenye kipokezi chake, yaani sehemu ya seli inayoitambua homoni hiyo. Kwamba mwili una njia hii, mbali na mishipa ya fahamu, kulionyeshwa na majogoo. Mwaka 1849, mjini Göttingen, Ujerumani, Arnold Berthold aliwahasi majogoo sita wachanga. Walioachwa hivyo hawakuwika, hawakupigana, na undu wao, kile kinyama chekundu cha kichwani, ulidumaa. Wengine aliwapandikizia korodani tumboni, mahali pasipo pake, zikiwa zimekatwa mishipa yote ya fahamu. Hao wakakua majogoo kamili. Alipowapasua akakuta korodani zimejiungia mishipa ya damu tu. Basi ujumbe ulikuwa umepitia kwenye damu. Neno "homoni" lenyewe lilikuja 1905, Ernest Starling wa London alipolitumia kwa mara ya kwanza, kutoka kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuamsha au kusukuma.

Kiasi chake ni kidogo mno. Estradioli, ambayo ndiyo estrojeni kuu ya mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, hata siku ya kilele chake, ukiikusanya yote iliyomo kwenye damu yako haizidi sana sehemu moja ya milioni ya gramu. Hiyo ndiyo inayojenga utando wa mji wa mimba, inalinda mifupa, inabadilisha ute wa mlango wa kizazi, na inaupelekea ubongo ripoti. Inawezaje? Kwa sababu nguvu ya homoni iko kwa anayeisikia. Estradioli imetengenezwa kutokana na kolesteroli, kwa hiyo hupenya ukuta wa seli na kuingia hadi ndani, ikakutana na kipokezi chake na pamoja wakawasha au kuzima jeni. Kazi hiyo huchukua saa na siku. Homoni za jamii ya protini, kama insulini, haziwezi kupenya. Hubisha mlangoni, na ndani ya seli watumishi wengine wakapokea amri. Seli ya mfupa na seli ya titi zinasikia homoni ileile, kila moja ikafanya yake.

Sasa twende kichwani, maana hedhi yako inaanzia huko.

Chini ya ubongo, juu kidogo ya usawa wa pua, kuna eneo dogo liitwalo haipothalamasi. Humo, kati ya seli za fahamu zipatazo bilioni 86 za ubongo mzima, kuna seli elfu moja hadi elfu mbili hivi zinazotengeneza homoni inayojulikana kwa kifupi GnRH. Uzazi wote wa binadamu, wa mwanamume na wa mwanamke, umening'inia kwenye kundi hilo dogo. Tena hazizaliwi hapo. Mtoto akiwa bado kiinitete, seli hizi huanzia puani na kusafiri hadi ndani ya ubongo zikifuata njia ya mishipa ya kunusa. Wapo watu ambao safari hiyo ilikatikia njiani. Hukua bila kubalehe, na vilevile hawasikii harufu. Hali hiyo huitwa sindromu ya Kallmann. Ndiyo maana kijana wa miaka 17 ambaye hajabalehe, daktari makini humuuliza kama anasikia harufu ya chakula, swali ambalo wazazi huliona halina kichwa wala miguu.

GnRH hushuka kwa mishipa midogo ya damu hadi kwenye tezi ya pituitari, iliyo na ukubwa wa punje ya njegere. Pituitari ikijibu hutoa homoni mbili, FSH na LH, zinazokwenda kwenye ovari au korodani. Lakini GnRH haishuki kama maji ya bomba lililoachwa wazi. Hushuka kwa mapigo: pigo moja, kimya, pigo jingine, kila baada ya dakika 60 hadi 90 katika nusu ya kwanza ya mzunguko, na kwa nafasi kubwa zaidi baada ya yai kutoka.

Hapa nitatulia kidogo, kwa sababu kwangu hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika somo la homoni, na ndilo linalojibu habari ya "kusawazisha". Katika miaka ya 1970, Ernst Knobil na wenzake huko Pittsburgh, Marekani, waliwachukua kima wa aina ya rhesus na kuliharibu eneo la ubongo linalotoa GnRH. FSH na LH zikaanguka. Wakajaribu kuwarudishia GnRH kwa kuitiririsha mfululizo kwenye mshipa. Hazikurudi. Wakabadilisha: dakika sita tu za GnRH, mara moja kila saa. Zikarudi. Wakiwatoa kwenye mapigo na kuwarudisha kwenye mtiririko, zinaanguka tena. Homoni ni ileile. Kilichobadilika ni mpigo. Pituitari ikipigiwa kelele bila kupumzishwa huvirudisha ndani vipokezi vyake na kunyamaza.

Tiba mbili zilizo kinyume kabisa zimetokana na hilo. Mwanamke ambaye ubongo wake hautoi GnRH anaweza kuvishwa pampu ndogo inayomdunga kwa mapigo, na akapevusha mayai. Na mwanamume mwenye saratani ya tezi dume, ambayo hulishwa na testosteroni, hupewa dawa za jamii hiyohiyo ya GnRH lakini zenye kudumu muda mrefu, zisizoacha nafasi, ili pituitari inyamaze na testosteroni ishuke. Mtoto anayebalehe kabla ya wakati naye hutulizwa kwa njia hiyo. Kwa hiyo mtu akikuuzia kitu cha "kusawazisha homoni", muulize: homoni ipi, ipande au ishuke, na kwa mpigo gani? Hatakuwa na jibu.

Turudi kwenye mzunguko wako ulipokuwa mzima. Mwanzoni mwa hedhi FSH hupanda kidogo na kuamsha vifuko kadhaa vya mayai ndani ya ovari. Vifuko hivyo hutoa estradioli pamoja na homoni nyingine iitwayo inhibini, nazo hupanda hadi kichwani na kusema: inatosha, punguza FSH. FSH ikipungua, vifuko vingi hufa kwa kukosa lishe, na kimoja kilichotangulia wenzake, chenye vipokezi vingi zaidi, huishi kwa hicho kidogo kilichobaki. Ndivyo inavyopatikana kwamba kwa kawaida tunazaa mtoto mmoja mmoja. Hadi hapo estrojeni ni breki.

Kisha hutokea jambo ambalo wanafunzi wangu hukataa kuliamini mara ya kwanza. Kifuko kikuu kikishakomaa, estradioli hupanda sana, na ikidumu juu kwa takriban siku mbili, breki hugeuka kuwa kanyagio la mafuta. Homoni ileile iliyokuwa ikiituliza pituitari sasa inaiwasha, LH inafurika, na baada ya saa 36 hivi yai hutoka. Maana yake ovari ndiyo inayoueleza ubongo kwamba yai limeiva. Ubongo haukisii, hungoja kuambiwa.

Kifuko kilichobaki kitupu hugeuka tezi ya muda, ya rangi ya njano, inayotoa projesteroni. Projesteroni huutuliza utando wa mji wa mimba na kuufanya ufae kupokea kiinitete, na hupandisha joto la mwili kwa nyuzi 0.3 hadi 0.5 hivi. Tezi hiyo huishi kama wiki mbili. Mimba isipotunga, hufa, projesteroni huanguka, utando hubomoka: hiyo ndiyo hedhi. Mimba ikitunga, kiinitete chenyewe hutoa homoni ya hCG, inayofanana na LH kiasi cha kuidanganya tezi ile iendelee kuishi mpaka kondo la nyuma lichukue kazi. Kile kipimo cha mkojo ulichotumia mara tatu kinatafuta hCG.

Sasa mitihani, usingizi na kukimbia. Zile seli za GnRH hazina kipokezi muhimu cha kuisikia estrojeni moja kwa moja. Zina majirani wanaozisikilizia, seli zinazotoa kisipeptini. Kwamba kisipeptini ni ufunguo wa balehe kulijulikana 2003, pale makundi mawili ya watafiti yalipokuta familia ambazo watu wake hawakubalehe kwa sababu kipokezi chake kilikuwa na hitilafu. Seli hizi ndizo zinazopokea habari kutoka pande nyingi: estrojeni kutoka kwenye ovari, na habari za akiba ya nishati kutoka kwenye mafuta ya mwili. Seli za mafuta hutoa leptini, homoni iliyogunduliwa 1994, na kiwango chake huueleza ubongo kuna akiba kiasi gani. Kilo 11 zikiondoka kwa haraka, leptini hushuka. Hushuka hata kabla ya mafuta kuisha, mtu akila kidogo kuliko anachokitumia. Upande mwingine, msongo wa mawazo na kukosa usingizi hupandisha kotisoli, homoni ya msongo, na homoni ya ubongo inayoiamrisha, na hizo nazo huzuia mapigo ya GnRH.

Kubeba mimba na kunyonyesha ni mzigo mkubwa wa nishati. Mwili unaoona chakula kinachoingia hakitoshelezi mbio za alfajiri, na juu yake kuna hatari isiyoisha, hupunguza kasi ya mapigo. Yakipungua vya kutosha, FSH na LH hazifikii kiwango cha kukuza kifuko, hakuna estradioli ya kutosha, hakuna yai, hakuna projesteroni ya kuanguka, na hivyo hakuna hedhi. Mji wako wa mimba hauna kosa lolote katika hadithi hii. Unangoja ujumbe ambao haujatumwa.

Usidhani ni lazima uwe umekonda kupita kiasi. Nimewahi kumwona mwanariadha ambaye kwa macho alikuwa na afya kuliko sisi sote kliniki, na hedhi yake ilikuwa imekatika mwaka mzima. Kinachohesabiwa ni nishati inayobaki baada ya mazoezi kuchukua sehemu yake.

Lakini nimesema sitaki kudai bila vipimo. Mwanamke aliyekuwa na mzunguko wa uhakika akikosa hedhi miezi mitatu anapaswa kuchunguzwa, nawe umeshapita hapo. Nenda ukapimwe damu: hCG kwa mara ya mwisho, kisha prolaktini, TSH (homoni ya pituitari inayoiamrisha tezi ya thairoidi), FSH, LH na estradioli. Nikueleze daktari atakavyozisoma, ili usikabidhiwe tu karatasi ya namba. FSH na LH zikiwa chini au za kawaida huku estradioli ikiwa chini, maana yake ovari haijaambiwa kitu, tatizo liko juu. Hilo ndilo ninalolitarajia kwako. FSH ikiwa juu sana na estradioli chini, ubongo unapiga kelele na ovari haijibu. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa kila mwanamke wakati wa ukomo wa hedhi, kwa wastani karibu na miaka 51, lakini kwa miaka 27 ingekuwa habari nzito ya kushughulikiwa mara moja. Prolaktini ndiyo homoni ya maziwa, na kwa kawaida ndiyo sababu moja ya mama anayenyonyesha kuchelewa kuona hedhi. Ikiwa juu bila wewe kunyonyesha, huenda pituitari ina uvimbe mdogo, ambao mara nyingi hutibika kwa vidonge. TSH ikiwa juu, tezi ya thairoidi iliyoko shingoni imelegea, na ulegevu wake huweza kupandisha prolaktini na kukata hedhi. Kuna pia hali ya ovari yenye vifuko vingi, ambayo mapigo ya GnRH huenda haraka mno na LH kuizidi FSH; ni ya kawaida sana, lakini mara nyingi huanza tangu ujana na hedhi za kurukaruka, chunusi na nywele za kidevuni. Wewe ulikuwa na siku 29 au 30 bila kukosa, kwa hiyo siiweki mbele.

Ikithibitika kuwa ni ubongo ulionyamaza, dawa yake ni kuuondolea sababu ya kunyamaza. Ongeza chakula, hasa wanga na mafuta kama uliyakata. Punguza mbio, tembea badala ya kukimbia kwa sasa. Rudisha sehemu ya uzito. Lala. Najua yanasikika mepesi, na najua ni magumu kwa mtu aliyehangaika kupunguza kilo hizo na kusifiwa kwazo. Kama wazo la kula zaidi linakutia hofu ya kweli, mwambie daktari hilo bila aibu, maana nalo lina msaada wake. Inaweza kuchukua miezi kadhaa kabla ya hedhi kurudi.

Huenda ukapewa vidonge vya uzazi wa mpango "ili hedhi irudi". Damu utaiona, lakini ni damu inayotoka kwa sababu umeacha vidonge kwa siku chache, wala haionyeshi kwamba yai limepevuka. Kwa mtu anayetafuta mtoto ni kufunika taa ya onyo. Na usilichukulie jambo hili kuwa la uzazi pekee: mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote, estrojeni ndiyo inayowazuia wabomoaji wasizidi, na miezi mingi bila estrojeni hula mifupa ya msichana wa miaka 27 kama ya bibi yake. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutosubiri.

Jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: yai hutoka kabla ya hedhi, si baada yake. Mapigo yakirudi, unaweza kushika mimba bila kuwa umeona damu hata mara moja. Basi ukianza kula na kupumzika, na ukahisi dalili, pima tena.

Sasa mume wako. Korodani zina kazi mbili zinazotegemeana: seli za aina moja hutengeneza testosteroni kwa amri ya LH, na nyingine hulea mbegu kwa amri ya FSH zikisaidiwa na testosteroni ya humohumo ndani, ambayo kiwango chake ni kikubwa mara nyingi kuliko cha kwenye damu. Ubongo wa mwanamume nao husikiliza damu. Akijichoma testosteroni kutoka nje, ubongo huona imejaa, hukata mapigo ya GnRH, LH na FSH huanguka, na korodani zikakosa amri. Misuli yake inakua, na mbegu zinapungua. Kwa wanaume wengi hufika sifuri kabisa. Dawa hii imewahi kufanyiwa majaribio kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo anachofanya kinazuia mtoto mnayemtafuta.

Asiache kimyakimya wala asiongeze sindano nyingine za kurekebisha anazouziwa na wenzake wa mazoezi. Aende kwa daktari, aseme anatumia nini na tangu lini, asimamiwe anapoacha. Mbegu moja huchukua kama siku 74 kutengenezwa tangu mwanzo, ikaongeza muda wa kupita kwenye mirija, hivyo kipimo cha manii kikifanywa wiki ya pili baada ya kuacha hakitamwambia kitu. Apime sasa ili mjue mnaanzia wapi, kisha arudie baada ya miezi mitatu. Wengi hurudi katika hali yao, ingawa baadhi huchukua mwaka na zaidi. Nendeni kliniki siku moja, wote wawili, na karatasi zenu za vipimo zisomwe na daktari mmoja.